Watu wa zamu hawana saa 40 za mradi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na mameneja, wakuu wa vitengo na wote wanaopanga kazi za watu wa msaada wa kiufundi kwa kutumia programu za ratiba. Nawasemea wanaopokea simu mfumo unapogoma, wanaowafungulia akaunti waajiriwa wapya, wanaoamshwa usiku seva ikizima. Kazi hiyo nimeifanya kwa miaka, mwanzo nikiwa mpokea simu na sasa nikiwa msimamizi wa timu. Kwa sehemu kubwa ya muda huo ratiba yangu imepangwa na mtu ambaye hajawahi kukaa mbele ya foleni ya tiketi, yaani maombi ya msaada yaliyosajiliwa kwenye mfumo, hata asubuhi moja ya Jumatatu.

Programu ya ratiba ni chombo kizuri na siombi mtu aitupe. Mimi mwenyewe naifungua kila siku. Ninachokataa ni kumhesabu mtu wa msaada kana kwamba ana saa 8 tupu kila siku, zinazongoja kujazwa kazi za mradi. Ratiba iliyoanza na hesabu hiyo imeshaharibika kabla mtu hajagusa kazi, na wanaoumia ni mteja anayesubiri majibu pamoja na mfanyakazi anayefunga kompyuta wenzake wakiwa wameshalala.

Nieleze jinsi inavyotokea. Meneja anafungua programu na kuandika majina ya watu watano wa timu. Kwa kawaida programu huanza na siku ya saa 8 na wiki ya saa 40, na kila jina hupewa uwezo wa asilimia 100. Papo hapo meneja anajiona ana saa 40 za kazi kwa siku. Anaingiza mradi wa kuhamishia barua pepe za ofisi nzima kwenye seva mpya, kazi iliyokadiriwa kuwa ya saa 120. Programu inagawanya 120 kwa 40, inapata siku 3, na mstari unachorwa. Mstari huo unapelekwa kwenye kikao cha wakuu, na kabla ya chakula cha mchana tarehe imeshatangazwa kwa wateja.

Sasa tuwahesabu watu haohao watano jinsi walivyo. Kwa wiki wana saa 200. Ondoa likizo, ugonjwa na sikukuu, tuseme saa 20, zinabaki 180. Ondoa vikao, mafunzo, kuandika taarifa na kukabidhiana zamu, saa 30 nyingine, zinabaki 150. Tiketi zinazoingia ni 120 kwa wiki, na kila moja kwa wastani inamla mtu dakika 45 za kazi halisi. Hizo ni saa 90. Zimebaki 60, na hata hizo huwezi kuzimwaga zote kwenye mradi, kwa sababu nitakayoieleza. Ukitoa nusu yake, mradi unapata saa 30 kwa wiki, na kazi ya saa 120 itachukua wiki 4. Namba hizi ni za mfano, kila timu ina zake, lakini umbali kati ya siku 3 na wiki 4 si wa kubuni. Nimeuona mara nyingi, na kila mara anayeitwa kujieleza ni mtu wa zamu, aliyechora mstari haulizwi.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwenye skrini ya mpangaji, saa 90 za tiketi hazina hata uzito wa usufi, kwa kuwa hazionekani kabisa. Ziko kwenye mfumo mwingine, wa tiketi, ambao mpangaji wa miradi hana hata nenosiri lake.

Kwa nini basi saa 60 zilizobaki zisitumike zote? Hapa ndipo wakuu wengi wanapokunja uso, kwa kuwa mtu aliyekaa dakika 20 bila tiketi wanamwona mzembe. Foleni ina kanuni zake, na zimejulikana kwa zaidi ya karne. Agner Krarup Erlang, Mdenmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1909 uchunguzi wake wa kwanza kuhusu simu zinazoingia bila mpangilio, na mwaka 1917 akatoa fomula za kukadiria watu watasubiri kiasi gani. Chukua foleni iliyo rahisi kuliko zote, yenye mhudumu mmoja, kazi zinazokuja ovyo na zisizolingana urefu. Tuseme kazi moja huchukua wastani wa dakika 20. Mhudumu akiwa na shughuli nusu ya muda wake, anayefika husubiri kwa wastani dakika 20 kabla ya zamu yake. Shughuli zikifika asilimia 80 ya muda wake, kusubiri kunafika dakika 80. Kwa asilimia 90 ni dakika 180, yaani saa 3. Kwa asilimia 95 ni dakika 380, zaidi ya saa 6. Kutoka 90 kwenda 95 mwajiri amechuma asilimia 5 tu ya muda wa mtu, na wateja wake wanasubiri zaidi ya mara mbili ya walivyosubiri awali. Ukimpanga mtu asilimia 100, foleni haina mwisho. Inarefuka siku hadi siku mpaka wateja wenyewe wakate tamaa na kuacha kupiga simu. Na wakiacha kupiga, taarifa ya mwezi itaonyesha tiketi zimepungua na mkuu atapongezwa.

Watu watano wanaochota kazi kutoka foleni moja hawabanwi kiasi hicho, kwa sababu mmoja akikwama mwingine huenda yuko huru. Faida hiyo ni kubwa, na ndiyo ambayo ratiba nyingi zinaivunja. Mpangaji, kwa kupenda usafi, anagawa tiketi kwa majina tangu Jumatatu: hizi za huyu, hizi za yule. Foleni moja ya watu watano inageuka foleni tano za mtu mmoja mmoja, na kila moja inabeba machungu yote ya hesabu niliyotoa hapo juu. Yule aliyepewa tiketi nyepesi anamaliza mapema na anakaa, yule aliyepata seva iliyoanguka anazama, na mteja aliye nyuma yake anasubiri ilhali kuna mtu huru meza ya pili. Tiketi zikae kwenye foleni, na anayemaliza achukue inayofuata kwa uharaka na kwa ukubwa wa madhara.

Kuna foleni nyingine ya mtu mmoja ambayo haionekani kwenye ratiba yoyote. Katika timu yangu kijana mmoja ndiye pekee aliyekuwa anaujua mfumo wa nakala rudufu kwa undani. Kwenye programu alikuwa jina moja kati ya majina matano, mstari sawa na mistari mingine. Kwa kweli kila tiketi ya kurejesha faili iliyofutwa, kila mradi uliogusa data, kila ukaguzi, vyote vilipita mikononi mwake. Alipokwenda likizo tuliendelea kujibu simu vizuri kabisa na hatukuweza kurejesha faili hata moja. Tulipokaa naye na kuandika jedwali la nani anajua nini, watu kwa mistari na mifumo kwa safu, tulikuta safu tatu zenye jina moja tu. Jedwali hilo limetusaidia kupanga kuliko michoro yote ya rangi niliyopata kuiona, na halihitaji programu ya gharama. Tulimtengea nusu siku kila wiki akae na mwenzake na kumfundisha, na nusu siku hiyo tukaiandika kwenye ratiba kama kazi rasmi, yenye mstari wake, asiweze mtu kuichukua kwa kusema mbona hapa kuna nafasi.

Wakati mwingine nafikiri kosa lenyewe ni la kihistoria. Henry Gantt, mhandisi wa Kimarekani ambaye jina lake tunalitaja kila tunapofungua chati ya ratiba, alikuza michoro yake katika miaka ya 1910 kwa ajili ya viwanda na, wakati wa vita, ujenzi wa meli. Mbinu ya kutafuta mnyororo wa kazi unaoamua mradi utaisha lini ilitengenezwa kuanzia mwaka 1957 katika kampuni ya DuPont, kwa ujenzi na matengenezo ya viwanda vya kemikali. Mwaka 1958 jeshi la majini la Marekani likaja na mbinu yake, iliyoitwa PERT, kwa ajili ya makombora ya Polaris. Kazi hizo zote zina mwanzo na mwisho, na kazi moja inaifungulia nyingine mlango. Huwezi kupaka rangi meli ambayo bado haijaundwa. Microsoft Project, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1984, na programu nyingine nyingi za aina yake, zimekulia katika ukoo huo. Kazi ya msaada ni ya ukoo wa Erlang. Haina tarehe ya kuisha, tiketi ya leo haingoji ya jana, na hakuna anayejua ya kesho italeta nini. Timu ya msaada inayofanya pia miradi inaishi katika koo zote mbili kwa wakati mmoja, na mafunzo ya usimamizi wa miradi ambayo nimehudhuria yalifundisha ukoo mmoja tu. Walimu wa kozi hizo, nawaomba muongeze hata somo moja la foleni.

Niingie sasa kwenye programu yenyewe, maana lawama bila njia haimsaidii mtu. Katika Microsoft Project kila kitu kinasimama juu ya hesabu moja: kazi ni muda mara kiwango, yaani sehemu ya siku ya mtu inayotengewa kazi hiyo. Mtu akipewa kazi ya saa 40 kwa kiwango cha asilimia 100, itachukua siku 5. Kwa asilimia 50, siku 10. Halafu kuna aina tatu za kazi, kulingana na unachotaka kisiguswe: kiwango, jumla ya saa, au muda. Watu wengi hawajali wamechagua aina gani, kisha wanashangaa kwa nini kuongeza jina la pili kumekata siku za mradi nusu kwa nusu. Imekata kwa sababu umeiambia jumla ya saa haibadiliki. Programu haijui kwamba yule wa pili atamuuliza wa kwanza maswali siku nzima ndipo aanze.

Ninavyofanya mimi ni kumwekea kila mtu mstari mmoja mrefu wa zamu ya msaada, unaoanza siku ya kwanza ya robo ya mwaka na kuishia siku ya mwisho. Aina yake ni ile ya muda usioguswa, na kiwango chake kinatoka kwenye kumbukumbu za timu: kwa mmoja asilimia 60, kwa mwingine 40, kwa mgeni asiyejua mifumo bado, 80. Kisha naupa mstari huo kipaumbele cha 1000. Katika programu hiyo vipaumbele vinakwenda kutoka 0 hadi 1000, kazi mpya huanza na 500, na yenye 1000 haiguswi programu inaposawazisha mzigo, yaani inaposogeza kazi ili mtu asipangiwe kupita uwezo wake. Kwa hiyo ukiibonyeza isawazishe, zinazosogezwa ni kazi za mradi, na zamu inabaki mahali pake. Bila hatua hiyo nimeona programu ikiahirisha zamu ya msaada ya wiki nzima ili kupisha usakinishaji wa printa, kana kwamba wateja wangekubali kuahirisha matatizo yao.

Wapo wanaofanya kwa njia fupi zaidi. Wanashusha uwezo wa juu wa kila mtu kutoka asilimia 100 hadi 40 na kuacha hivyo. Hesabu inatoka ileile, na mtu aliyepangiwa kupita uwezo bado ataonekana kwa rangi nyekundu. Mimi siipendi. Asilimia 60 iliyofichwa ndani ya mipangilio hakuna mkuu atakayeiona, na mwezi wa tatu atauliza kwa nini watu wako wanafanya kazi kwa asilimia 40. Mstari mrefu wa zamu unaonekana kwenye kila ukurasa uliochapishwa. Akitaka mradi uende kasi, ataunyooshea kidole, na hapo ndipo mazungumzo ya kweli yanapoanza: upunguze huduma, uongeze mtu, au usogeze tarehe. Uamuzi huo ni wake, mimi natimiza wajibu wangu kwa kuuweka mbele yake.

Kosa la upande wa pili ni kuingiza kila tiketi kwenye ratiba. Nimefanya kazi na mpangaji mwenye bidii ya kupigiwa mfano aliyeagiza kila tiketi iwe na mstari wake kwenye chati, wenye mwanzo, mwisho na mhusika. Kufikia saa 4 asubuhi chati ilikuwa imeshapitwa na wakati, na watu wawili walikuwa wanaihudumia chati badala ya wateja. Ratiba ibebe uwezo wa watu, tiketi zibaki kwenye mfumo wa tiketi. Kipimo kidogo kabisa ninachopanga ni nusu siku. Chini ya hapo ni kujidanganya.

Asilimia hizo za zamu zitoke wapi? Zisitoke kichwani mwa meneja, wala kwangu. Kaeni wiki kadhaa mkiandika muda wa mikono kwenye kila tiketi, yaani dakika ambazo mtu aliifanyia kazi kweli, tofauti na muda ambao tiketi ilikaa wazi. Vitu hivi viwili huchanganywa kila siku. Tiketi inaweza kukaa wazi siku 3 ikingoja kipuri au idhini ya mtu, na kazi yake yote ikawa dakika 25. Ukipanga kwa siku 3 unajaza watu hewa, na ukipanga kwa dakika 25 bila kumwambia mteja kuhusu kipuri, unampa ahadi ambayo huwezi kuitimiza. Msitosheke na wastani pia. Tiketi nyingi ni fupi, chache sana ni ndefu mno, na hizo chache ndizo zinazovunja wiki. Ikiwa wiki nne zilizopita zilikuwa na saa 70, 95, 85 na 110 za tiketi, wastani wake ni 90, na ukipanga kwa 90 wiki mbili kati ya hizo nne zimeshakushinda. Mimi hupanga kwa wiki nzito. Wiki ikiwa nyepesi, daima ipo kazi ya kufanya: kuandika maelekezo, kusafisha akaunti za watu walioondoka, kutafuta chanzo cha tatizo linalorudi kila mwezi. Kazi hii ya mwisho ndiyo pekee inayopunguza tiketi, na ndiyo ya kwanza kufutwa watu wakijazwa pomoni.

Tiketi pia haziji sawasawa. Jumatatu asubuhi nenosiri zimesahauliwa. Siku inayofuata toleo jipya la programu kuwekwa, simu hazikatiki. Mwisho wa mwezi wahasibu wanafunga hesabu, na hitilafu ambayo siku nyingine ingesubiri, siku hiyo haisubiri. Yote haya yanajulikana mapema, kwa hiyo yaandikwe kwenye kalenda, na kazi ya mradi isipangwe juu yake. Nimeona uhamisho wa seva ukipangwa siku ya kufunga hesabu za mwezi kwa sababu tu siku hiyo ilikuwa na nafasi nyeupe kwenye chati.

Jambo lililotupa nafuu ya haraka kuliko mengine yote ni kuwa na mtu wa ngao. Kila nusu siku mtu mmoja, kwa zamu, ndiye anayepokea kila simu, kila ujumbe, kila anayepita mezani na kusema samahani, dakika moja tu. Wengine wanaachwa wamalize walichoshika, mpaka ngao azidiwe na kuomba msaada. Kazi ya mradi inataka saa mbili au tatu zisizokatwa. Saa 3 zilizokatwakatwa vipande vya dakika 10 hazitoi kile kinachotolewa na saa 3 nzima, kwa kuwa kila ukirudi unaanza kwa kujikumbusha ulikuwa wapi, na kwenye mabadiliko ya seva, kusahau ulikuwa hatua ya ngapi kunaweza kufuta data ya watu. Kwenye ratiba ngao ana jina na rangi yake, naye hapangiwi mradi wowote nusu siku hiyo. Wafanyakazi wapya wanapenda zamu hii kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa wanajua lini itaisha.

Kwa mkuu anayetaka jibu bila kufungua programu yoyote, ipo kanuni ya foleni aliyoithibitisha John Little, mtafiti wa Kimarekani, mwaka 1961. Idadi ya tiketi zilizo wazi ni sawa na zinazoingia kwa siku, mara siku ambazo kila moja inakaa. Kama mna tiketi 72 wazi na mnafunga 24 kwa siku, na zinazoingia ni kiasi hichohicho, basi tiketi hukaa kwa wastani siku 3. Ukimwahidi mteja siku moja, hata kwa kumkaripia kila mtu, hesabu haitakubali mpaka zilizo wazi zishuke hadi 24. Namba hizi mbili nimezibandika juu ya meza zetu, na zimeniokoa kwenye vikao ambavyo hapo awali nilitoka nikiwa nimekubali tarehe zisizowezekana.

Nina ombi zito kuhusu matumizi ya kumbukumbu hizi. Muda wa mikono ukishaanza kuandikwa, hakukosi mtu wa juu atakayetaka kuupanga kwa majina, nani kafunga tiketi nyingi, nani chache. Nawasihi msifanye hivyo. Siku watakapojua dakika zao zinatumika kuwapima, wataandika dakika za kuwalinda. Tiketi rahisi zitagombaniwa, ngumu zitaachwa chini ya foleni, na yule anayechukua tiketi ngumu kwa sababu anazijua ataonekana mvivu kuliko wote. Mtaharibu takwimu ileile mliyoihitaji kupangia. Kumbukumbu zikusanywe kwa timu nzima na kwa aina ya kazi. Kama kuna mtu anayezembea, msimamizi anayeketi naye anajua bila chati.

Na mwisho kuna zamu ya usiku, ambayo katika ratiba nyingi haipo hata kwa mstari mwembamba. Mtu anabeba simu ya dharura wiki nzima, anaamshwa, na asubuhi programu inamngoja na saa 8 zilezile kama mtu aliyelala. Kazi zake za siku hiyo zinachelewa, na zile zinazozitegemea zinachelewa nyuma yake, na chati inaonyesha jina lake kama chanzo. Naomba kila anayepanga ratiba afanye hivi kuanzia wiki hii: mtu aliyeamshwa saa 8 usiku na kurudi kulala saa 11 alfajiri, asubuhi yake ifutwe kwenye kalenda siku hiyohiyo, na kazi aliyopangiwa isogee mbele au apewe mwingine. Karibu kila programu ya ratiba ina kalenda ya mtu mmoja mmoja. Kuingiza mapumziko ya nusu siku humo ni kazi ya dakika chache, na msimamizi wa zamu anaweza kuifanya bila kungoja idhini ya kikao.

Wako katika kazi,
Msimamizi wa timu ya msaada wa kiufundi